Mwizi na Wenyeji Wake: Somo juu ya Usalama wa Vijiji na Miji ya Tarime na Serengeti

Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo kila mtu wa Tarime na wa Serengeti alijua, lakini wachache hulisema mchana kwa sauti. Ni habari ya wizi, na hofu ya usiku iletwayo na wizi. Mtu akipita Tarime mjini, au Sirari mpakani, au Mugumu, ataona madirisha yenye nondo, na kuta zilizotiwa vipande vya chupa juu yake, na mbwa wafungwao mchana ili wafunguliwe usiku. Akienda vijijini ataona zizi limejengwa karibu sana na mlango wa nyumba, na mwenye nyumba hulala sikio moja likiwa nje. Watu wa namna hii hawawezi kusemwa kuwa wamelala.

Watu wakiulizwa mwizi ni nani, wengi hujibu upesi kwamba ni mgeni, ametoka ng'ambo, hatumjui. Wengine hujibu kwamba askari ni wachache. Majibu haya yana kweli ndani yake. Nchi ni pana, mpaka wa Kenya ni mrefu, na njia za miguu zivukazo mpaka ni nyingi kuliko barabara. Serikali nayo imeliona neno hili, ndiyo sababu Tarime na Rorya zimefanywa kuwa mkoa wa kipolisi wa peke yake, ingawa kwa mambo mengine zimo katika mkoa wa Mara. Lakini majibu haya hayatoshi, nasi twataka kueleza kwa nini.

Ng'ombe si fedha, hatiwi mfukoni. Ana miguu minne iachayo nyayo, analia, ana rangi na pembe zijulikanazo na watoto wa kijiji kizima. Mtu mmoja hawezi kumwiba na kumpoteza peke yake. Lazima awepo wa kumwonyesha mwizi zizi lipi halina mlinzi na mwenyewe amesafiri lini. Lazima awepo wa kumpa mwizi ua wake, mnyama afichwe mchana kutwa hata usiku wa pili. Lazima awepo wa kununua. Watu hao watatu si wageni. Wanalala kwao, wanatuamkia asubuhi, huja msibani, na mmoja wao huenda aliketi karibu nasi juzi arusini. Sisi twawaita wenyeji wa mwizi, na somo letu ni juu yao zaidi kuliko juu ya mwizi mwenyewe.

Kwanza tutazame mambo ya kale, maana wako vijana wanaojitetea kwa kusema kwamba kuteka ng'ombe ni desturi ya Wakuria tangu zamani, na mtu asiyeijua desturi yake ni mpumbavu. Ni kweli Wakuria wa kale waliteka. Waliteka kwa Wamaasai na kwa makabila mengine ya jirani, nao walitekwa vilevile. Lakini kijana hakuteka katika ukoo wake. Wazee walijua, na ng'ombe waliingia kijijini mchana, watu wakiwatazama. Kisha walikaa. Walizaa, walinyonywa na ndama zao katika zizi la yule yule aliyewateka, na wengine walitoka kwa mahari. Tena ulikuwa wakati wa shida. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno katika Afrika ya Mashariki yote, na watu waliobaki na mazizi matupu walitafuta kuyajaza kwa njia waliyoijua.

Baadaye mambo yaligeuka. Wazungu walipogawana nchi, Wajerumani huku na Waingereza kule, waliukata mpaka katikati ya Wakuria wenyewe, hata ndugu wa baba mmoja wakawa raia wa tawala mbili. Kodi ilitakiwa kwa fedha. Wachuuzi na wachinjaji walikuja, na miji ya upande wa Kenya ilihitaji nyama. Ng'ombe, ambaye hapo kwanza alikuwa mali ya kuoa na kuheshimika, akapata bei ya shilingi. Mmarekani mmoja mtaalamu wa mila za watu, Michael Fleisher, alikaa Tarime katika miaka ya 1990 kuchunguza jambo hili, akatoa kitabu mwaka 2000. Alieleza kwamba wezi wa siku hizo waliwaibia Wakuria wenzao mara nyingi, na ng'ombe hawakukaa zizini kwa mwizi: walivushwa mpaka, wakauzwa Kenya, na mwizi akarudi na fedha.

Basi kijana asemaye kwamba afuata desturi, na aulizwe maswali machache. Je, wazee wamekutuma? Je, ng'ombe wameingia mchana? Je, tukija leo zizini kwako, tutawaona? Akishindwa kujibu, ajue kwamba amefanya biashara, tena biashara ya mali ya mtu mwingine, na jina la desturi ameliazima tu.

Kisha zikaja bunduki. Wakuria wengi walikuwa askari tangu zamani za jeshi la Waingereza, na wengi waliingia jeshi la Tanzania. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, vilivyomwondoa Idi Amin katika Uganda, silaha ziliingia katika wizi wa ng'ombe kwa wingi usioonekana mbele yake. Zamani mwenye ng'ombe alipiga yowe, na majirani walitoka na mikuki na pinde. Mbele ya bunduki majirani hukaa ndani. Hatuwalaumu. Lakini tangu yowe lipigwe na mtu asitoke, kijiji kimepungukiwa na kitu ambacho askari hawezi kukirudisha kwa kuja asubuhi na gari.

Sasa tufike penye mzizi ambao wengi hawapendi kuuchimba, yaani mahari. Kwa Wakuria mahari hulipwa kwa ng'ombe, na kwa muda mrefu imejulikana kuwa kubwa kuliko ya makabila mengi ya Afrika ya Mashariki. Kijana hapati ng'ombe wa kuolea kutoka hewani. Hupata kwa dada yake: dada akiolewa, ng'ombe wake huingia, na kaka yake huoa kwa ng'ombe hao. Ni mpango mzuri kwa nyumba yenye wavulana watatu na wasichana watatu. Lakini iko nyumba yenye wavulana watano na msichana mmoja. Huyo msichana mmoja atamwoza nani? Kaka mkubwa ataoa, na wanne watatazama zizi tupu.

Mwaka 2004 Fleisher huyo huyo, pamoja na mwenzake Garth Holloway, walitoa uchunguzi wao juu ya jambo hili hili. Waliona kwamba mwanamume aliyezaliwa katika nyumba yenye ndugu wa kiume wengi na dada wachache alielekea zaidi kuingia katika wizi wa ng'ombe. Wazee wetu hawakuhitaji kitabu kuwaambia hivyo. Lakini ni vema limeandikwa, maana lililoandikwa halikanushwi kwa urahisi penye baraza.

Mtu asitusikie vibaya. Hatusemi kwamba aliyekosa dada amepewa ruhusa ya kuiba. Tunawajua vijana wa nyumba za namna hiyo waliochoma matofali, waliolima tumbaku na mahindi, waliobeba watu kwa pikipiki mvua na jua, wakaoa wakiwa wamechelewa miaka, na hapana mtu aliyepoteza hata kuku kwa ajili yao. Tunasema hivi: baba wa binti atakaye mahari nzito kwa haraka, na asiulize itatoka wapi, anamsukuma kijana kwenye njia ya usiku. Na hapa neno lawagusa watu wa usharika pia, wala si wapagani peke yao. Tumeona wazazi wapokeao mahari ambao humfunua ng'ombe kinywa watazame meno, humshika kiwele, humzungusha mara mbili watazame kama anachechemea, hata kasoro ya mkia huiona. Lakini hawaulizi ametoka zizi gani. Wasiulize kwa sababu gani? Kwa sababu wanaogopa kujibiwa.

Huyo baba ni mwenyeji wa mwizi, ingawa hajawahi kuamka usiku. Nayo sheria ya nchi humhesabu kuwa mhalifu mtu apokeaye mali ya wizi hali akijua, asijifiche kwa kusema kwamba mkono wake haukuvunja zizi la mtu.

Huenda mkaaji wa mjini akasema: Mimi sina ng'ombe, habari hii yanihusu nini? Yamhusu sana. Njia iliyozoea kupitisha ng'ombe hupitisha na vitu vingine. Aliyezoea kuficha mnyama katika ua wake haoni uzito kuficha pikipiki, au betri ya umeme wa jua, au gunia la kahawa. Mpaka ule ule wa Sirari na Isebania, wenye soko na magari na watu wa kila namna, humfaa mfanya biashara mwema na humfaa mwizi. Mnunuzi wa simu isiyo na kasha wala hati, kwa nusu ya bei, yuko mjini. Ni mtu mwenye viatu vizuri. Naye usiku wa pili huibiwa yeye, akalia kwamba mji umeharibika.

Tena yako mambo mawili ya jirani ambayo hatutayasema kwa urefu. La kwanza ni Nyamongo, ambako mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza kazi mwaka 2002. Vijana wengi huingia kutafuta mawe ya dhahabu katika kifusi, na mwezi wa Mei mwaka 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi katika ghasia za hapo. Habari za ardhi, na haki ya wenyeji, na wajibu wa mgodi, ni somo la peke yake. Hapa twauliza tu: jiwe lile lililotolewa usiku, nani alilinunua asubuhi? Kijana alizikwa, mnunuzi alibaki na mizani yake. La pili ni mbuga ya Serengeti, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwindaji wa siri hutegea waya, hushikwa, hufungwa, na mke na watoto hubaki na njaa; lakini nyama iliyokaushwa ilikuwa ikiliwa na watu wengi, wengine wakiwa wenye mishahara.

Turudi kwa habari ya ulinzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Usukuma na Unyamwezi, watu walichoshwa na wezi wa ng'ombe na wanyang'anyi, wakajiundia walinzi wao wenyewe, wenye pinde na mishale na firimbi za kuitana. Ndio Sungusungu. Chama na Serikali waliwakubali, na mwaka 1989 sheria iliwapa nafasi yao. Mpango huu ulienea hata ukafika kwetu. Wakuria walikuwa na jambo lililokaribiana nao tangu kale, yaani iritongo, mkutano wa watu wote wa mahali, unaoketi mchana, na kila mwanamume aweza kusema. Walikuwa pia na inchama, baraza la siri la wazee. Lakini kwa neno tunalolisema leo, iritongo ndiyo itufaayo zaidi, kwa kuwa ni ya wazi.

Ng'ambo ya mpaka, kwa Wakuria wa Kenya, tunao mfano wa kufundisha. Mwaka 1998 walianzisha Sungusungu yao kwa shauri la iritongo. Mwingereza Suzette Heald, aliyewachunguza Wakuria miaka mingi, ameandika jinsi wizi wa ng'ombe ulivyopungua sana huko kwa muda mfupi. Silaha zao zilikuwa duni kuliko za wezi, na askari hawakuongezeka. Kilichobadilika ni kwamba watu waliketi pamoja wakawataja kwa majina wezi wa kwao wenyewe. Watajwa waliitwa mbele ya watu, wengi waliungama, wakatozwa fidia na faini. Yaani baba alisikia jina la mwanawe likitajwa, naye hakuondoka akaenda kuchukua upanga.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Kwetu Tarime mapigano ya koo, ambayo yameua watu na kuchoma nyumba mara nyingi, yameanza mara kadha wa kadha kwa ng'ombe walioibwa. Nyayo hufuatwa mpaka mpakani mwa ukoo mwingine. Wafuataji husema, Tupeni mwizi. Wenyeji hujibu, Hapa hapana mwizi. Na huenda kila mtoto wa pale anamjua. Kwa nini wanakataa? Kwa sababu hakuwaibia wao. Akiiba kwao wangempiga. Ameiba kwa wengine, basi ni kijana wetu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hakuna ukoo uliomlea mwizi wa nje asiyegeuka siku moja akawa mwizi wa ndani, ng'ombe wa nje wakipungua au bunduki za nje zikizidi. Sisi twaona kwamba kipimo cha haki cha mahali po pote ni hiki: je, mtu wa ukoo mwingine akija mchana na fimbo tu mkononi, akifuata nyayo za ng'ombe wake, ataonyeshwa zizi, au ataonyeshwa njia ya kurudi?

Lakini Sungusungu nayo ina hatari zake, na mtu asiyezisema haitakii mema. Walinzi wamepiga watu hata kuwaumiza kwa kosa la kusingiziwa. Faini hukusanywa na hesabu yake haionekani. Mwenye kisa na jirani yake humtaja kuwa mwizi. Sheria haikumpa mlinzi wa kijiji ruhusa ya kuhukumu wala ya kupiga: imempa ruhusa ya kukamata na kumpeleka mtu kwa polisi, kisha hakimu aamue. Wengi hucheka tukisema hivi, wakijibu kwamba mwizi atatoka kesho kwa rushwa, naye atalipiza kisasi. Hatuwezi kukana kwamba mambo hayo hutokea. Shahidi aogopaye hasemi, na kesi isiyo na shahidi hufa, kisha watu husema hakimu amekula. Huenda amekula; huenda pia ninyi mlioona hamkwenda.

Tena liko neno moja la magazeti na redio lisilotupendeza. Kijana akikamatwa kwa wizi akachomwa moto na watu, husemwa kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Hao ni nani? Hawana majina, hawana mitaa, wala hawana mama zao? Ni sisi. Ni fundi wa baiskeli, na muuza maandazi, na mwanafunzi aliyetoka shule. Mtaa uliokwisha kuua hivyo haupati usalama. Umejifunza tu kwamba watu wengi wakiwa pamoja hawaulizwi. Naye aliyechomwa huchukua pamoja naye majina ya mwonyeshaji, na mfichaji, na mnunuzi, ambao huenda wawili wao walikuwa pale wakipiga kelele kuliko wote.

Basi tufanye nini? Twashauri mambo machache ambayo hayahitaji kungoja Serikali, ingawa Serikali nayo yapasa itimize yake. Sheria ya mwaka 2010 juu ya kutambua na kuandikisha mifugo iko. Mwenye ng'ombe asiyetaka alama kwa kuogopa kuhesabiwa mali yake, ajue kwamba ng'ombe asiye na alama ni rafiki wa mwizi. Auzaye na apelekaye mnyama mahali pengine awe na barua ya kijiji alikotoka. Mwenye bucha asikubali mnyama wa usiku, hata kama bei ni nzuri. Na mnunuzi wa nyama mwenye busara atauliza kwa nini bucha fulani huuza rahisi kuliko nyingine zote sokoni.

Kwa habari ya mahari, wazazi wa pande zote mbili wakubaliane hesabu ambayo kijana mwenye kazi halali aweza kuitimiza, hata kama ni kwa kulipa kidogo kidogo. Siku ya kupokea, mzee mmoja aulize mbele ya watu kila ng'ombe ametoka wapi, na ajibiwe mbele ya watu. Tunajua kwamba mara ya kwanza swali hili litaonekana kuwa tusi. Mzee wa mahali na aanze kuuliza katika arusi ya binti yake mwenyewe, kabla hajauliza katika arusi ya jirani. Baada ya arusi tatu au nne halitakuwa tusi tena, litakuwa desturi.

Na katika kila kijiji, na kila mtaa wa mjini, pawepo daftari moja. Ng'ombe akinunuliwa, akiuzwa, akitolewa mahari au akichinjwa, iandikwe siku, na rangi yake, na alama yake, na jina la aliyetoa na la aliyepokea. Daftari hilo likae kwa mwenyekiti. Na mtu wa ukoo mwingine akija akiuliza habari za ng'ombe wake, afunuliwe asome mwenyewe, au asomewe.